Bai ya Fabiola

Pale Ndosho, mahali njia ya lami inapoachana na njia ya mawe meusi yaliyotemwa na mlima, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya mawe mawili, na watu wa mtaa wanauita Bunge. Hapo Mama Béata huuza kahawa ya tangawizi, na hapo dunia hupangwa upya kila alasiri na watu walewale. Télesphore, aliyewahi kuwatafsiria wageni wa misaada, wanamwita Dikisioneri. Wenceslas, mpuliza filimbi wa mechi za mtaa, wanamwita Arbitre, na methali zake hufika mahali ambapo hazikualikwa. Apolline, muuza mitumba, wanamwita Mama Himbi, kwa kuwa hachoki kusimulia miaka aliyolea mtoto wa wazungu kule Himbi kando ya ziwa. Siku hiyo Bunge lilikuwa na mmoja zaidi, kama mmoja ni neno lake. Aliegemezwa ukuta wa mabati, mwisho wa ubao, amefungwa kikwembe cha buluu chenye maua ya manjano, na hakuna aliyekaa karibu naye. Alikuwa shina la mgomba.

Mgomba huo aliuleta Nsanzimana, shemeji yake Béata, kaka mkubwa wa marehemu mumewe. Aliusukuma juu ya chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, kutoka Sake, ameulaza chali kama mgonjwa. Katika ukoo wao, mtu akipotelea vitani na mwili wake usionekane, haachwi akizurura. Unang'olewa mgomba na mizizi yake, unakatwa juu kwa kimo cha aliyepotea, unavishwa nguo yake, kisha unazikwa. Lakini kabla ya udongo, mama mtu huinama na kulijibu neno la mwisho aliloambiwa na mwanawe. Jibu likiwa sawa, mtoto analala. Jibu likikosewa, watu huinamisha macho. Husemwa tu kwamba zamani, kule Masisi, mama mmoja alijibu ovyo kwa sababu ya machozi, na mgomba wa mwanawe ukachipuka kaburini, ukazaa mkungu mkubwa wa kupendeza. Watu walipomenya ndizi zake hawakukuta kitu. Ganda, na ndani yake hewa.

Nsanzimana alipuliza kahawa yake, akaweka kikombe chini bila kunywa.

— Shemeji, shimo iko tayari. Batu bamepiga mutaimbo tangu asubui, hata mawe imechoka. Kesho tunalaza mutoto. Kinabaki kitu moja tu: ile neno.

— Akiba haiozi, akasema Arbitre.

Wote wakamgeukia.

— Akiba gani, we Arbitre? Mama Himbi akamkemea. Kaburi njo akiba?

— Nasema tu. Shimo kuwa tayari ni kitu muzuri.

— Nyamaza unywe.

Béata alimimina vikombe bila kutikisa mkono. Muuza kahawa akitetemeka mkono, wateja wanahama. Lakini moyoni mwake tangu mgomba ule ufike, kitu kilikuwa kinakwaruza kama panya ndani ya mabati.

— Neno ninalijua, alisema. Jibu njo sijui.

Hapo ndipo palikuwa na shida yote. Kama Fabiola, binti yake, angesema *murabeho*, jibu lake linajulikana tangu kwa mababu. Kama angesema kwaheri, angejibiwa ya kuonana. Hata kama angesema *au revoir*, Béata ambaye hakukanyaga shule angepata la kurudisha. Lakini Fabiola alikuwa msichana wa miaka ya simu. Alisema bai. Kingereza, neno dogo kama punje ya mtama, ambalo vijana wa Goma wanalitema kila kona bila kujua lilitoka shamba la nani.

— Muna hakika amekufa? Dikisioneri aliuliza polepole.

— Mutu wa Minova alimuona, Nsanzimana akajibu. Mutumbwi ulijaa, upepo ukakuya. Musichana wa kikwembe ya buluu akaenda na maji.

— Vikwembe vya buluu viko vingi, akasema Béata.

— Na mabinti benye kupotea?

— Nao pia, shemeji. Nao pia ni wengi.

Pikipiki mbili zilipita na vumbi jeusi likaja kuketi juu ya vikombe. Béata akavifunika kwa kiganja. Alikuwa amemtafuta Fabiola kila mahali ambapo watu huenda. Alimtafuta kwenye kambi za magharibi kabla hazijavunjwa, bandarini, hospitalini, kwenye redio ambako majina ya waliopotea yalisomwa kama misa ya wafu. Aliagiza Bukavu. Aliagiza hata Uganda. Mahindi yalivunwa, yakapandwa, yakavunwa tena. Na sasa watu wa ukoo walikuwa wamechoka kwa niaba yake.

Dikisioneri akajikohoza. Alikuwa na namna ya kujikohoza iliyowafanya watu wajue kwamba kingereza kinakuja.

— Bon. Munisikilize. Ile neno mimi niliiuliza kwa muzungu mwenyewe, muzee mwenye ndevu, tulikuwa tunangojea gari ku bariere. Akaniambia, Télesphore, zamani hii haikukuwa neno. Ilikuwa sala.

— Sala! Mama Himbi akajisogeza.

— Sala kamili. Mutu akitoka, anasema: Mungu akuwe na wewe. Lakini wazungu ni batu ba haraka. Bakaanza kuikata. Mwanzo bakamutoa Mungu, pahali yake bakaweka muzuri, sawa vile banasema siku muzuri, usiku muzuri. Kisha na ule muzuri akaanguka mu njia. Ikabaki mukia tu. Bai.

— Na mukia inasema nini?

Dikisioneri akatazama kikombe chake.

— Akuwe na wewe.

— Nani akuwe na wewe?

— Njo mambo yenyewe, mama. Haisemi.

Béata aliirudisha birika juu ya makaa. Kumbe binti yake alimrushia baraka iliyotobolewa katikati. Mungu ametolewa, kiti kimebaki wazi. Na kiti kikibaki wazi njiani wakati wa vita, nani anakuja kukikalia?

— Haraka haraka haina baraka, akasema Arbitre, na kwa mara ya kwanza methali yake ikafika nyumbani, hata yeye mwenyewe akashtuka.

— Kwa hiyo amjibu Amina, Nsanzimana akakata. Sala inajibiwa Amina. Imeisha.

— Haiishe vile, muzee, akasema Dikisioneri. Utasema Amina ju ya sala yenye haina Mungu? Unajua uko unaitika nini?

Nsanzimana aliutazama mgomba, akautazama ukuta.

Arbitre alikuwa amekwisha kushika filimbi yake shingoni, kama afanyavyo anapotaka kusikilizwa.

— Ninyi munaenda mbali. Bai ni kitu ya mupira. Muko na ekipe tisa mu mashindano. Nane banapata wa kupambana naye. Ule wa tisa anabaki peke yake. Sasa unamufanyia nini? Unamupa bai. Anapita ku hatua ya mbele bila kucheza.

— Na anafanya nini wakati bengine banacheza?

— Anakaa kando ya uwanja na jezi yake, anangojea. Hajashinda, hajashindwa. Jina yake imeandikwa mbele, lakini mwenye atapambana naye hajulikane bado.

— Ayiwe, Mama Himbi akanong'ona.

— Mi naona Fabiola njo vile. Vita ilipanga batu, babili babili, huyu na risasi yake, huyu na ugonjwa wake. Yeye akabaki wa tisa. Eko kando ya uwanja. Paka akiondoka, panya anatawala.

— Paka ametoka wapi tena?

— Ni kusema tu eko anangojea!

— Anangojea nani, Arbitre?

— Mushindi wa mechi ingine.

Hakuna aliyecheka. Béata alimwona Fabiola amekaa kando ya kiwanja kisicho na watu, magoti pamoja, akitazama upande ambao mtu angetokea. Alitaka kumwambia Arbitre anyamaze, lakini mkono wake ukaenda kuchochea makaa.

— Wacheni mupira yenu, akasema Mama Himbi. Mi nililea mutoto wa wazungu, ninajua. Muchana, mama yake anamulaza mu kitanda chenye fito, sawa vile banafunga kuku. Anainama, anamwimbia: bai-bai, bai-bai. Na mutoto anafunga macho. Hawakumuaga, hakuna mwenye alikuwa anaenda. Bai ni lala. Béata, mutoto wako alikuwa anakwambia ulale.

— Nilale? Siku ile? Mu vumbi lile?

— Ulale, usihangaike. Kwa hiyo unamujibu: na wewe pia lala. Kesho unainama pa mugomba, unamwimbia kidogo, imeisha. Haiko na woga.

Jibu hilo lilikuwa tamu, na Béata alikaribia kulikamata. Alitaka mno mtu mmoja amwambie ni hili, shika hili, nenda nalo. Lakini Dikisioneri alikuwa amenyanyua kidole.

— Mama Himbi. Ulisema aliimba namna gani?

— Bai-bai.

— Mara mbili.

— Ndiyo, mara mbili.

— Kila siku mara mbili?

— Kila siku. Nasema nilikuwa pale! Wazungu banasema vile, moja ya kufunga macho, moja ya kuyafungua. Kama unasema moja tu, mutoto...

Akakatiza mwenyewe. Akapeleka mkono mdomoni.

— Mutoto nini? Nsanzimana akauliza.

— Hapana, nimesahau.

— Béata, akasema Dikisioneri kwa sauti ya chini, Fabiola alisema ngapi?

Béata hakuhitaji kufikiri. Alikuwa amelisikia neno lile kila siku tangu lilipotamkwa, wakati wa kuosha vikombe, wakati wa kuchochea makaa, wakati usingizi unapokaribia na kukataa.

— Moja.

Ndipo Arbitre, aliyekuwa ameketi karibu zaidi na ukuta, akaruka kana kwamba ubao umemchoma.

— Mama wee! Muangalie kichwa!

Waligeuka wote. Nsanzimana alikuwa ameukata mgomba mwenyewe siku iliyopita, kwa panga kali, sawasawa kama meza, kwa kimo ambacho Béata alikionyesha kwenye bega lake. Sasa katikati ya kile kidonda cheupe kulikuwa na kitu kimetoka. Kilikuwa ulimi wa kijani kibichi, umejikunja, unang'aa kwa utomvu, mrefu kama kiganja cha mtu mzima.

— Asubui hakikukuwa, akasema Nsanzimana.

— Mugomba wote unafanya vile, akasema Dikisioneri, lakini alisema akiwa amesimama. Moyo wake uko hai ndani. Ukiukata na mizizi, unasukuma.

— Basi kaa karibu nao.

— Niko muzuri hapa.

— Ameongezeka kimo, Mama Himbi akasema. Béata, mutoto wako anakuwa mukubwa.

— Haiko mutoto wangu. Ni mugomba.

Alisema hivyo, lakini aliinuka, akauendea. Utomvu ulikuwa umeshuka ukalowesha kikwembe pale kifuani. Béata akakikaza fundo, maana lilikuwa limelegea, na vidole vyake vikafanya kazi hiyo kwa upole uleule ambao vilimfungia Fabiola kikwembe hichohicho alipokuwa anajifunza kutembea nacho. Akainamisha kichwa. Alitaka kujaribu tu. Alitaka kulijaribu jibu moja kwa sauti ndogo, aone linavyolala mdomoni. Lala. Amina. Ngoja. Lakini kila alilolifikisha kwenye meno lilirudi nyuma, kama mtu aliyefika mlangoni akakuta viatu asivyovijua.

Akarudi kwenye makaa yake.

— Mi nitawaambia kitu, akasema Dikisioneri, na safari hii hakujikohoza. Siku ile risasi zilipofika karibu, bakubwa bangu ba misaada bakapokea simu mezani. Chakula kilikuwa kinatoa moshi. Bakasimama bote. Kila moja akapita mbele yangu, bai, bai, bai, Télesphore. Bakaingia mu magari, bakaenda kupanda ndege. Mi na mupishi tukaosha sahani zao. Kesho yake tukaziosha tena. Hazikukuwa chafu. Tulikuwa tunaziosha tu.

— Ju ya nini?

— Hakuna mwenye alituambia tuache.

Kahawa ilikuwa imebaki kidogo. Béata aliitikisa birika, akasikia maji yakigonga chini kwa sauti ya upweke. Nsanzimana naye akasikia, akapata nafasi ya kuumaliza mjadala.

— Shemeji, ukoo unafika kesho asubui. Sitalala tena na mutoto hewani. Chagua. Amina, ama lala, ama ngoja. Mutoto ni wako. Lakini chagua, sababu shimo ikisha kufunguliwa, hailale njaa.

Maneno hayo yalipita juu ya ubao kama ndege wa usiku aliyekosea saa. Kila mtu akavuta miguu yake ndani.

Wakati huo mwanamke mmoja aliacha njia, akaja. Alikuwa amebeba mzigo mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, godoro limekunjwa, sufuria zimefungwa juu yake. Akautua mzigo kwa kuugeuzia mgongo ukuta, kama wafanyavyo wanawake wa milimani, akapumua.

— Mwiriwe, ninyi wa hapa. Kahawa iko?

— Kikombe cha mwisho, mama. Karibu.

— Aksanti. Mi ni Nyirarukundo. Ninapanda kwetu, ng'ambo ya Kanyabihe. Njia imefunguka, banasema kila mutu arudi kwake.

Béata alilisikia jina la Kanyabihe, kikombe kikagonga birika. Kilikuwa kilima chake. Huko ndiko walikotoka.

— Na huyu njo nani? mgeni akauliza, akiuonyesha mgomba kwa kidevu.

— Ni binti yangu.

Mgeni hakushangaa. Akaweka kiganja kifuani.

— Pole, mama. Alienda lini?

— Siku vita iliposhuka Kanyabihe. Alituacha pale pa soko, magari ilikuwa inakimbiza batu.

— Aliwaaga?

— Alisema bai. Neno moja. Kesho ninapashwa kumujibu, na hawa bote banatafuta jibu yake.

— Ni sala, akasema Dikisioneri.

— Ni mupira, akasema Arbitre.

— Ni usingizi, akasema Mama Himbi.

Nyirarukundo akanywa. Akawatazama mmoja mmoja, bila dharau, kama mtu anayepima kama njia aliyoelekezwa ndiyo. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi:

— Sasa ku ile gari, nani alikuwa juu?

— Namna gani?

— Nauliza tu. Musichana alikuwa juu ya gari, ama alikuwa chini?

Dikisioneri alifungua mdomo, kingereza hakikutoka. Arbitre alitafuta methali kwenye paa la mabati. Nsanzimana alishika magoti yake. Kumbe katika mikesha yote, katika matangazo yote ya redio, katika kimo kilichopimwa begani na shimo lililochongwa kwenye mwamba, hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza. Watu wa kukimbia vita wana hesabu yao. Hapa tulipo ndipo dunia ilipo, na ambaye hayupo hapa, basi yeye ndiye aliyekwenda.

Béata alikuwa anaona gari. Aliliona kutoka juu. Aliona vichwa vya watu chini yake, na mikono, na mbuzi aliyefungwa kwenye bampa. Fabiola alikuwa amekwisha kupanda, wamekaa ubavu kwa ubavu. Halafu bibi mmoja mlemavu wa mguu alikuwa analia pale chini, na Fabiola akaruka, akamshika kiunoni, akamsukuma juu mahali pake mwenyewe. Gari likaguruma. Nafasi ikafungwa na mwili wa yule bibi. Na msichana akabaki amesimama katikati ya soko, anakuwa mdogo, anakuwa mdogo, mkono juu.

— Mimi, akasema Béata. Mimi njo nilikuwa juu.

— Na yeye?

— Alikuwa amesimama.

— Na huyu shemeji?

— Gari la mbele, akasema Nsanzimana, na sauti yake ilikuwa imepungua.

— Basi hakuwaacha, akasema mgeni, akirudisha kikombe. Yeye alibaki.

Béata alisimama. Alivua aproni yake, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya ubao.

— Shemeji, kesho sijibu kitu.

— Namna gani hujibu! Ukoo uko mu njia!

— Mwenye kubaki njo anajibu. Mwenye kuenda harudishi neno, anarudisha miguu.

— Na ule wa Minova? Na mutumbwi?

— Aliona kikwembe, shemeji. Kikwembe cha binti yangu njo kile pale. Nilikuwa nacho mu mufuko yangu, juu ya gari. Siku ile hakukivaa.

Nsanzimana akautazama mgomba na nguo yake kwa muda mrefu. Alikuwa ameuvisha kwa mikono yake mwenyewe.

— Na shimo? akauliza mwishowe, kama mtoto. Nilikwambia, shimo hailale njaa.

— Mulishe mawe yake. Mulitoa mawe, rudisheni mawe.

Mama Himbi alikuwa amekwisha kuinuka. Alichukua birika, akachukua vikombe, akavifunga ndani ya kitambaa.

— Hivi nitaangalia mimi. Beba sweta yangu hii, kule juu kuna baridi. Béata... Béata, kuna mabomu mu mashamba.

— Tutapita njiani.

— Na kama...

— Mama Himbi, usimalize.

Béata alichukua sufuria mbili kutoka kwenye mzigo wa mgeni, akazitwika kichwani. Dikisioneri alinyanyua mkono kwa mazoea, midomo ikakutana kulianza lile neno. Arbitre akampiga kiwiko mbavuni, neno likamezwa. Basi wote wanne wakabaki hivyo, wamesimama kando ya ubao, wanawatazama wanawake wawili wakishika njia ya Sake, na hakuna aliyejua ni nani kati yao mwenye haki ya kuaga.

Walitembea mpaka nyumba za mabati zikaanza kuachana na mwamba mweusi ukafunguka pande zote mbili. Jua lilikuwa bado juu ya ziwa. Hawakuwa wakisema sana. Nyirarukundo ndiye aliyeanza.

— Mama Béata, nikwambie kitu?

— Sema.

— Mi nilishapanda kule mara moja, mwanzo wa mvua, kuangalia kama nyumba yangu iko. Nilipita Kanyabihe. Hakuna mutu. Soko imeota majani mpaka hapa. Lakini jioni niliona moshi.

— Moshi ya waaskari.

— Waaskari balikwisha kuenda. Ilikuwa moshi ya jiko. Nyumba moja tu. Nikasema, acha niombe moto na mimi. Nikapiga hodi. Sauti ikasema karibu.

Béata alisimama. Sufuria zikagongana kichwani.

— Ukaingia?

— Niliingia. Makaa ilikuwa mekundu. Chungu ilikuwa inachemka. Na ndani hamukukuwa na mutu, mama. Nilizunguka mpaka nyuma. Hakuna mutu. Nikatoka mbio, na nilipofika ku njia nikasikia ile sauti inasema tena karibu.

— Sauti ilikuwa ya mwanamuke?

Nyirarukundo akafikiri. Alikuwa mwanamke mwaminifu, hakutaka kumpa mwenzake kitu ambacho hakuwa nacho.

— Sikujua ni ya nani. Ilikuwa sauti ya mutu mwenye kungojea.

Béata hakuuliza nyumba ilikuwa upande gani wa soko. Hakuuliza mlango ulikuwa wa rangi gani. Alizishika sufuria vizuri kwa mikono miwili, akaongeza mwendo, akaongeza tena, mpaka mgeni akawa nyuma yake na mzigo wake, akimwita kwamba njia ni ndefu, kwamba leo watalala Sake, kwamba amngojee kidogo.